Migomba Tisa ya Kambi

Batu batatu ninabashitaki. Komanda, mwenye alikaa na basoda bake ndani ya nyumba ya masomo ya batoto juu ya kilima. Shefu wa mutaa wetu, mwenye alikuwa anamuinamia. Na enjenyere, fundi wa maji wa kutoka Beni, mwenye alijua na akanyamaza. Kama siandike majina yao, hapana kwa woga. Bakisoma, batajiona.

Ilikuwa vita ya pili. Nilikimbia Luofu na batoto babili, tukapata chumba Butembo, chini ya kilima kimoja cha upande wa Rughenda. Mukubwa akakufa kwa kuharisha. Mudogo, musichana, naye tumbo ikaanza kumukata. Sisi bote tulikunywa chemchem moja, yenye kutoka chini ya jiwe. Ya ngambo ya bonde ilikuwa muzuri, lakini ilikuwa mbali, na kila asubuhi sisi banawake tulilazimishwa kuteka kule maji ya komanda na kuipandisha kambini kwake juu ya kilima. Yeye maji ya jiwe alikataa. Donc, ni kusema alijua.

Enjenyere akakuja. Shirika lake lilikuwa na mabomba ya chemchem moja tu, akapaswa kuchagua: yetu ao ya ngambo. Akanipatia kazi ya kumuonyesha njia. Kwa kila kisima na kila choo alisimamisha kamashini kake ka kupima mahali, akafinya, kakalia tii. Alitoboa udongo na chuma kirefu, ajue unene wake na mwanzo wa mawe. Kisha akatia yote ndani ya ordinatere, kompyuta yake: miteremuko, udongo, mawe yenye kupasuka, vyoo. Ordinatere ikapaka rangi. Kijani, maji haina hatari. Nyekundu, hatari.

"Mama, angalia. Chemchem yenu iko kijani."

"Na vyoo vya kambi?"

"Kule hatuingie, komanda alikataza. Lakini niko na picha yenye ndege ilipiga. Nyuma ya kambi ni shamba ya migomba."

Nilicheka mupaka machozi. "Enjenyere, kwenu Beni basoda banalima?"

Kwetu choo kikijaa, tunakifunika na udongo, tunapanda mugomba juu yake. Basoda balikuwa bengi, vyoo vilijaa mbio. Migomba ile niliiona na macho yangu.

"Bila kupima pale, ordinatere haiwezi kuamini," akasema.

"Basi nipe kamashini."

"Mama, batakuua."

"Mutoto mumoja nilisha kuzika. Leta."

Akazima sauti ya kamashini. Asubuhi nikakafunga ndani ya kikwembe, chini ya titi. Nikamwaga maji ya komanda ndani ya pipa, nikasema ninaenda kukata majani ya kufungia bugali.

"Mama, majani yetu unaipenda!" soda mumoja akaniita.

"Imenona, mwanangu. Munaikulisha muzuri."

Akacheka, mupumbafu ule. Nikafinya kwa kila mugomba. Tisa.

Saa sita enjenyere akaitia ndani ya ordinatere. Nyekundu ikaanzia kambini, ikafuata mupasuko wa mawe, ikateremuka mupaka kwa jiwe letu. Kisha akaita shefu.

"Siwezi kutoa karte hii, ramani ya nyekundu," akasema. "Komanda ataniuliza nani aliingia."

"Acha ile ya kijani ibaki," shefu akajibu. "Bomba ikuje hapa karibu na kwangu. Na wewe mama, funga kinywa."

Sikufunga. Nilienda kwenye jiwe saa ya kuteka, nikaambia banawake benzangu. Hakuna mwenye aliniomba karte.

"Migomba tisa? Tunakunywa ile?"

Tukapatana. Ya ngambo, tutapeleka kwa batoto betu. Kambini tutapandisha ya jiwe.

Haikupita siku nyingi, basoda bakaanza kukimbilia vyoo, komanda mbele yao. Akatuita, akaita na shefu na enjenyere.

"Munaniletea maji gani?"

Nikatoka mbele. "Ya jiwe, komanda. Shefu anasema ni muzuri. Enjenyere iko na karte yake, ni kijani. Muulize."

Enjenyere alitoka jasho kama mugonjwa. Akafungua ordinatere, akaonyesha nyekundu, na akasema ni nani alipima. Nilipigwa fimbo mbele ya bote. Mugongo mupaka leo unaniuma mvua ikitaka kunyesha.

Bomba ilijengwa ngambo, ikaletwa mupaka mutaani. Komanda aliamuru vile kwa sababu ya tumbo yake, hapana kwa sababu yetu. Musichana wangu alipona, leo iko na batoto bake.

Batu ba kanisa banasema nisamehe. Nisamehe nani? Hakuna hata mumoja mwenye alikuja kuomba. Enjenyere peke yake alinitumia salamu kutoka Beni, eti anakumbuka kazi muzuri yenye tulifanya pamoja.

Pamoja na nani?