Siku Stima Ilipomchukua Wifi Rose

Asubuhi ile ninaikumbuka, mwanangu, hata kama ningependa kuisahau. Nilikuwa bibi arusi bado, tukiishi kwa mama mkwe wangu katika zile nyumba za zamani za mawe karibu na reli, hapa Nakuru. Stima ya nyumba ile ilikuwa na umri kunishinda. Nyaya zilikuwa zimevikwa mpira na kitambaa, na mpira wenyewe ulikuwa umekauka, unamomonyoka ukiugusa kwa kidole. Lakini wacha nisiseme kidole, usije ukajaribu.

Mvua ikinyesha, bati lilikuwa linawasha. Ukiligusa unahisi kama siafu wanakupanda mkononi. Sisi tulicheka. Wifi yangu Rose, dada mdogo wa mume wangu, alikuwa akiwaambia wageni, "Karibuni, lakini msisalimie bati, leo limeamka na hasira."

Aliyekataa kucheka alikuwa Mzee Kiprono, jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Siku moja alisimama mlangoni akamwambia mama mkwe, "Mama Wafula, nyumba inauma watu na nyinyi mnaona ni mchezo? Zimeni stima, mkae na taa ya koroboi mpaka fundi aje."

"Mzee, hii stima niliolewa nikaikuta. Haijaua mtu."

"Haijaua bado," akasema, akaenda zake.

Asubuhi ile ninayoikumbuka, kulikuwa kumenyesha. Rose alitoka na karai la nguo, miguu mitupu kwenye matope, akiimba. Kamba yetu ya nguo ilikuwa waya, imefungwa kwenye ukingo wa bati. Alipoirushia shuka, wimbo ulikatika. Nilitazama nikaona ameshika waya, haachilii, mwili unatetemeka. Mama mkwe alikimbia akamkumbatia mtoto wake, naye akanaswa palepale. Nami nilikuwa nimeshaanza kukimbia niwavute.

"Usiwaguse!" Mzee Kiprono alinguruma kutoka kwa ua. "Zima stima kwanza! Zima!"

Nilirudi ndani nikavuta swichi kubwa iliyokuwa nyuma ya mlango. Walianguka pamoja. Mama mkwe aliamka, vidole vyake vimekunjika, na havikunyooka tena mpaka tulipomzika yeye. Rose hakuamka.

Matangani watu walisema ni mpango wa Mungu. Mzee Kiprono alisimama katikati yao akilia. "Msimsingizie Mungu," akasema. "Sisi wote tulijua."

Sasa sikiliza jambo linaloninyima amani. Baada ya mazishi fundi aliitwa, akabadilisha ule waya mmoja uliogusa bati. Nyingine zikabaki ukutani. Ziko hapo hadi leo, mwanangu. Mjukuu wangu anaishi humo na mke na watoto, ameongeza friji na televisheni, na soketi ya jikoni imeungua rangi ya chai. Nikimwambia, ananijibu, "Kukhu, bibi yangu, wacha stress. Si stima inawaka?" Nimesema mpaka nimechoka. Kila mvua ikianza huku Bonde la Ufa, mimi hukaa nikingoja simu.

Labda wewe utasikia. Stima ikikuwasha hata kidogo, kwa bati, kwa mfereji, kwa ukuta, hiyo si kawaida. Soketi ikipata moto, ukinusa plastiki inaungua, taa zikipepesa, zima swichi kubwa, mkono mkavu, usimame pakavu, kisha uite fundi mwenye leseni. Fyuzi ikikatika usiweke waya mnene ili ivumilie. Ilikatika ili ikuokoe. Nyumba ikiwa ya zamani, mwambie fundi akague nyaya zote na aangalie kama kuna waya wa kwenda ardhini, asikuachie kiraka. Kamba ya nguo iwe ya nailoni, mbali na bati. Nanyi wa Kihoto, kule Naivasha, maji ya ziwa yakiingia nyumbani, msiyakanyage kufuata godoro kabla stima haijakatwa. Na ukiona mtu amenaswa, hata kama ni mtoto uliyemzaa, usimshike. Zima kwanza. Najua ninakuomba jambo gumu. Nililiona likimshinda mama.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe masikio ambayo sisi hatukuwa nayo, na wanao wakuzike wewe, usiwazike wewe wao.