Punda Pembeni ya Jina la Mwenyekiti

Hata kuanza naona aibu, lakini ninyi ni wenzangu, bora mcheke nikiwepo. Ilinipata hapahapa Singida Mjini, na chanzo ni wivu tu.

Neema tulijifunza pamoja kutengeneza tovuti (tena mimi ndiye niliyemwelekeza siku za mwanzo, nilikuwa nawakumbusha watu hilo kila nikipata nafasi). Sasa kila mteja ninayekutana naye ananisifia vipicha vya Neema, kile kisimu, kile kibahasha, ukivikuza havichakai. Alivichora mwenyewe akaviweka kwenye fonti, yaani faili kama la herufi, ila badala ya herufi inatokea picha. Ningemwomba angenipa. Lakini mimi, nimwombe Neema?

Nilipopata kazi ya kikundi cha wakamuaji wa alizeti, nikafungua ukurasa wake, nikanakili mstari unaoita ile fonti, nikaubandika kwangu, wala faili lenyewe sikulipakua, likawa linasomwa kutoka kwake. Kisimu hapa, bahasha pale, na kipicha cha mtu pembeni ya jina la mwenyekiti. Vikapendeza mpaka nikaanza kuamini nimevichora mimi.

Siku ya kuonyesha, ukumbi umejaa, na Neema yupo, kamsindikiza mama yake ambaye ni mwanachama. Nikafurahi, nikajisemea leo ataona. Nikamwamkia mwenyekiti, nikawasha projekta. Penye simu pakatokea mbuzi, penye bahasha kuku, na pembeni ya jina la mwenyekiti, punda.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kijana, huyo ndiye mimi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikasingizia mtandao. Neema akaja mbele, akaniinamia sikioni.

"Hiyo fonti ni yangu. Nimeipanga upya asubuhi, nimeweka picha za mifugo, nina kazi ya wafugaji."

Akaufuta ule mstari, punda akatoweka, makofi akapigiwa yeye. Mwenyekiti akamwuliza kama anaweza kuimalizia ile tovuti, naye akajibu kuwa kazi ni yangu, waniachie. Hapo ndipo nilipoumia hasa, afadhali angenisema mbele za watu.

Kesho yake nilimfuata, nikamwomba anifundishe kuchora fonti yangu, na akanifundisha. Nimeapa, cha mtu nitakiomba kwa mdomo wangu. Ila wivu haujaisha, siwadanganyi. Juzi nimeona tovuti yake mpya, nikafunga kompyuta, nikatoka kutembea mpaka ziwani.