Kizibo Kimoja cha Soda

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti chenye mguu mmoja mfupi, kompyuta iliyokuwa ikinguruma, na jedwali refu lenye safu mbili. Safu ya kushoto ilijaa Kiingereza, ya kulia ilikuwa tupu. Ofisi yetu ilikuwa Mbeya mjini, ghorofani, juu ya duka la mabati, na kazi yake ilikuwa kuzifanya programu za kompyuta na simu ziongee Kiswahili. Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi huku kwetu Tukuyu, na nilidhani kutafsiri ni kujua maneno basi. Nilimaliza ukurasa wa kwanza kabla ya chai ya saa nne, nikaupeleka kwa Mhariri Mkuu kichwa kikiwa kimenivimba.

Mhariri Mkuu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani machoni na nyingine kichwani. Alisoma mstari mmoja tu, ule unaotokea mtu anapotaka kufuta kitu. Nilikuwa nimeandika: "Una uhakika?"

"Nani anaulizwa?" akasema.

"Mtumiaji."

"Mtumiaji ni mtu wa wapi? Mkono wa pili ameshika nini? Anataka kufuta kitu gani?"

Sikujua. Akanirudishia karatasi. "Mstari uko sawa, lakini umeupata kwa bahati. Nenda kakae, urudi ukijua nani anaulizwa."

Kwa ninyi mnaoingia kazini sasa, niwaeleze tulivyokuwa tukifanya. Programu haiandikwi kama barua. Maneno yake hukatwa: kitufe hiki, onyo lile, swali la pale chini. Kila kimoja tulikiita kipande, na mfasiri alikipokea kikiwa peke yake, bila kujua jirani yake ni nani. Kipande kikisema kwamba kitu kimekamilika, ulipaswa kuwapigia simu waliotengeneza programu uwaulize ni kitu gani hicho. Walizichoka simu zangu. Mmoja alinibandika jina la Mama Maswali, nami sikukasirika.

Baadaye ikaja kumbukumbu ya tafsiri. Hiyo ni ghala: kila kipande ulichotafsiri huwekwa humo pamoja na Kiingereza chake, na siku Kiingereza hicho kikirudi, ghala linakuletea tafsiri ileile. Niliipenda mno. Nani anataka kuandika neno "Hifadhi" asubuhi mpaka jioni?

Nilihamishiwa Dar es Salaam, nikakaa miaka sita nikilalamikia joto. Mama yangu alipougua, nikaomba kufanyia kazi nyumbani, Makandana, hapa Tukuyu. Meneja wa Miradi, kijana mpole aliyeniamkia shikamoo hata kwenye ujumbe wa maandishi, alikubali baada ya mimi kumhakikishia kwamba intaneti Tukuyu ipo, mvua ikiruhusu.

Makandana ndipo nilipojipatia njia yangu ya kazi. Kabla ya kukabidhi programu yoyote, nilimtafuta mtu wa kuitumia. Sikumwuliza kama ameelewa. Kwetu mtu akiulizwa hivyo hujibu kwamba ameelewa, asije akakuaibisha wewe uliyejisumbua kumweleza. Nilimpa simu mkononi nikamwambia: nifanyie mbele yangu. Mara nyingi mtu huyo alikuwa Mama Ipyana, mkulima wa viazi wa Kinyala, tuliyesoma naye darasa moja.

Ilipoletwa programu ya wakulima, nilimfuata shambani kwake. Simu ikasema: "Pima mililita 5." Mama Ipyana akaitazama simu, kisha akaitazama pampu yake ya kupulizia dawa ya wadudu.

"Nimeelewa," akasema.

"Haya, nifanyie."

Akacheka kwa aibu. Akashika kizibo cha soda alichokitoboa na kukifunga kwa uzi kwenye mkanda wa pampu, tundu lake akiwa ameliziba kwa nta. "Sisi tunapimia hiki, Mama Lusajo. Hizo mililita wanazijua wenye maduka."

Nilikijaza kizibo maji, nikayavuta kwa bomba la sindano jipya nililokuja nalo. Yalikaribia mililita tano. Nikaandika: "Pima kizibo kimoja cha soda." Wakulima waliipokea vizuri. Mhariri Mkuu, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia kustaafu, aliniandikia kwamba hatimaye nimejua nani anaulizwa. Nilijivuna mwezi mzima, sifichi.

Kazi ikazidi kuwa nyingi, na Meneja wa Miradi akaleta mkondo. Mkondo ni mpango wa kazi inayojiendesha. Programu ikibadilishwa, vipande vipya vinatoka vyenyewe bila mtu kuvituma. Vinapita kwenye kumbukumbu, visivyopatikana humo vinatafsiriwa na mashine, mfasiri anakagua vile vya mashine, na jioni vyote vinaingia kwenye simu za watu. Kazi ya wiki mbili ikawa ya siku mbili. Wenzangu waliilaani mashine. Mimi sikuilaani wakati ule na leo pia siilaani, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamechoka na iliniondolea mzigo mkubwa.

Nilimwuliza Meneja jambo moja. "Hatua yangu ya kumpa mtu simu aitumie mbele yangu, iko wapi humu?"

"Mama, mkondo una visanduku vitano, na hiyo haina kisanduku. Ila unaweza kuifanya pembeni, muda ukiruhusu."

Muda haukuruhusu.

Uamuzi mmoja aliniachia mimi. Vipande vinavyofanana kabisa na vilivyomo kwenye kumbukumbu, je, vikaguliwe na mtu au vipite moja kwa moja? Vingi vilikuwa kazi yangu mwenyewe, na niliona ni kupoteza muda kumkagua mtu ninayemwamini. Nikaweka alama penye "Vipite". Mfumo ukaniuliza: "Una uhakika?" Nikabonyeza "Ndiyo" bila kusoma.

Miezi ikapita salama. Ikaja programu ya kuwasaidia akina mama kuwapa watoto dawa za maji nyumbani, baada ya kutoka hospitali. Nilikagua vipande vya mashine, nikaridhika, jioni programu ikatoka. Kesho yake asubuhi Mama Ipyana akanipigia. Alikuwa amebaki na mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa na homa.

"Mama Lusajo, ndaga," akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Simu yako hii inasema nipime kizibo kimoja cha soda. Kijiko nimekikuta ndani ya boksi la dawa, ila naona wewe umeandika kizibo. Ninacho kile cha pampu. Nimekiosha."

"Umeshampa?"

"Bado. Dawa nimeshaimimina humo. Nikasema nikupigie kwanza, nifanye mbele yako, si ndivyo ulivyonizoesha?"

"Mwaga," nikamwambia. "Mwaga sasa hivi, na kizibo kitupe chooni. Chukua kijiko cha kwenye boksi, weka simu ya picha, nikuone."

Akafanya nikiwa namtazama. Mtoto alimeza dawa, akakunja uso, akalia. Nami nililia.

Nilichokiona nilipofungua kompyuta ni rahisi kueleza. Programu ya dawa ilikuwa na kipande kinachosema kupima mililita tano, sawasawa na kile cha wakulima. Kumbukumbu ikaleta tafsiri yangu, na kwa ile alama yangu, ikapita bila jicho la mtu. Mashine ilitii. Wilaya nzima hii, ukimwambia mtu kizibo cha kupimia dawa, mkono wake unakwenda kwenye pampu, na kizibo kilichokaa na sumu misimu mitatu hakisafishwi kwa kopo la maji.

Nilimpigia Meneja, na kwa mara ya kwanza sikumwacha amalize kuamkia. Ilipofika saa sita mchana alikuwa ameifunga programu, na tukawatumia ujumbe wote walioipakua. Kisha nikamweleza kwamba aliyeweka alama ni mimi.

"Na aliyesema hatua yako haina kisanduku ni mimi, mama," akajibu.

Wiki iliyofuata aliongeza kisanduku cha sita. Programu yoyote inayogusa mwili wa mtu haitoki mpaka mtu mmoja aitumie mbele ya mwenzake, nasi tukaanza kuandika kwenye kila kipande kilizaliwa katika kazi gani. Nilifanya kazi chini ya utaratibu huo mpaka nilipostaafu.

Vijana huniuliza kama mashine itaimaliza kazi hii. Mimi huwaambia waitumie, tena kwa moyo mweupe, lakini wasiiachie kazi ya kumtazama mtu mikono yake. Hiyo niliiacha mwenyewe kwa uvivu na majivuno, nikadhani jana yangu inatosha kumjibu mtu wa leo.

Siku za soko Mama Ipyana hupita kwangu na yule mjukuu. Mtoto hunipanda mapajani, huvuta miwani yangu, na kila mara naona amekuwa mzito zaidi. Huyo namjua. Wale wengine, waliopimiwa dawa kati ya jioni ile na saa sita mchana wa kesho yake, simjui hata mmoja. Hakuna aliyepiga simu kulalamika, na ofisini walilipokea hilo kama habari njema. Mimi nimezaliwa huku. Najua kwamba mtu wa kwetu akiulizwa kama ameelewa, husema ameelewa.