Ngoja Wageni Waondoke

Binti yangu alizaliwa na sikoseli. Tuliijua akiwa na mwaka mmoja na nusu, vidole vyake vilipovimba akakosa usingizi. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa ule hautoki kwa mzazi mmoja: mimi nilibeba nusu, baba yake nusu, na sisi wenyewe wazima kabisa. Mume wangu alitoka chumbani kwa daktari akaenda kusimama uani, kofia mkononi. Tangu siku ile hatukulizungumza tena jambo hilo. Yeye alilima mahindi na mbaazi huku Nangara, pembeni mwa mji wa Babati, mimi nilishona nguo mjini, na mtoto tukamlea kati ya kuugua na kuugua.

Cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa mjane wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Babati, ambaye watoto wake walishahamia ng'ambo. Sote tulimwita Bibi, naye aliniita fundi. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, mgongo umenyooka, mikono magotini, akatoa sauti moja: Om. Aliivuta mpaka pumzi ikamwishia, akanyamaza, akaanza tena. Mimi nikiwa nje natia mafuta cherehani niliisikia kupitia mlango wa mbao. Miaka minne sikumwuliza kitu. Mimi ni Mlutheri wa kutoka Mbulu, na kwetu mambo ya dini ya mtu hayaulizwi asubuhi asubuhi.

Aliyeuliza ni binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, shule zimefungwa, nikawa naenda naye kazini anishonee vifungo.

"Shikamoo, Bibi. Ule wimbo wako wa asubuhi unasema nini?"

"Marahaba. Si wimbo. Wimbo una maneno."

"Sasa huo una nini?"

Bibi alivuta kiti akakaa naye. "Mama yangu alinifundisha hivi. Ziko sauti tatu ndani yake. A inaanzia hapa," akashika tumbo. "U inapanda hapa," akapitisha mkono kifuani mpaka kooni. "M, midomo ikifungwa, inabaki kichwani. Kuanza, kuwepo, kwisha. Kila kitu kimo humo."

"Halafu?"

"Halafu kunyamaza. Na kwenyewe ni sehemu yake. Watu wengi wana haraka ya kuanza tena, hawaisikii sehemu hiyo."

"Ni jina la Mungu wenu?"

"Wengine wanasema hivyo. Mimi naona ni kumwita asiye na jina."

Mwanangu alicheka. Alipenda majibu ambayo hayakumaliza swali.

Haikupita wiki, maumivu yakamkamata palepale barazani. Yalianzia kwenye mapaja yakapanda kiunoni, akajikunja kwenye mkeka akiuma kanga. Nilimpa dawa zake, nikatafuta bajaji. Bibi akapiga magoti kando yake, kwa umri wake ule, akamshika mkono.

"Usipigane nayo. Toa pumzi. A..."

Binti yangu akajaribu. Mara ya kwanza ilikuwa kilio tu. Mara ya tano au ya sita nikaona mabega yake yanashuka. Maumivu hayakuondoka, nisidanganye. Lakini tukiwa ndani ya bajaji aliniambia, "Mama, bado yanauma. Ila sasa nimekaa pembeni yake."

Tangu hapo akawa anafanya kila siku, mzima au mgonjwa. Nikajifunza ili nifanye naye. Nilimwekea kiganja mgongoni, nikawa nausikia mtetemo wa ile M ukipita kwenye mifupa yake, na kwa muda ule mifupa ile haikuwa adui yetu. Mume wangu hakuipenda. "Mtoto asije akaingia kwenye mambo ya watu," alisema. Nikamjibu ni pumzi tu. Hakubishana. Tukianza, yeye alitoka nje na jembe lake na tupa ya kulinolea.

Habari zikafika kanisani. Mzee wa kanisa akaja nyumbani jioni moja, akanywa chai, akasema, "Mama, tumesikia binti anafundishwa ibada za Wahindi."

"Ni mazoezi ya pumzi, mzee. Yanamsaidia akiumwa."

"Basi tumwombee."

Akaomba vizuri, akaaga. Hakusema neno lingine. Lakini kuanzia kesho yake, kabla hatujaanza, nikawa nafunga dirisha. Binti yangu aliniona nikifunga. Hakuuliza, na yeye alikuwa mtu wa kuuliza kila kitu.

Akiwa kidato cha pili, kwenye miezi ya baridi, kifua kilimbana. Tukalazwa. Siku ya tatu alikuwa na mpira wa oksijeni puani na dripu mkononi, nami nikajipa moyo kwa sababu usiku alikuwa amelala kidogo. Asubuhi wakaja akina mama watano wa kanisa letu na chupa ya uji. Walikuwa wametembea na baridi ile kuja kumwona mtoto wangu. Wakasimama kuzunguka kitanda wakaimba pambio.

Katikati ya wimbo binti yangu akavuta kitenge changu. Nikainama.

"Mama. Tufanye ile."

Alikuwa ameisema kwa sauti ya kawaida. Wimbo ukapungua. Mama mmoja akanitazama, si kwa ubaya, alitaka tu kujua mgonjwa ameomba nini.

"Ngoja wageni waondoke," nikamnong'oneza.

Akafumba macho. Kisha akaanza peke yake. Niliisikia ile A, fupi, ikakatwa na kikohozi. Akaanza tena. Mimi nikavuta shuka mpaka kidevuni mwake kama mtu anayemkinga mtoto na baridi, nikainua sauti, nikaimba na wenzangu. Niliimba kwa nguvu ili isisikike. Hilo ndilo nililolifanya, na sina namna nyingine ya kulisema.

Waliomba sana. Walipomaliza nikawasindikiza hadi getini, maana ndiyo adabu, tukasimama tukaagana mmoja mmoja. Niliporudi wodini wauguzi walikuwa wamekizunguka kitanda. Hakufumbua macho tena. Saa saba mchana wakaniambia nikae chini.

Tulimzika pembeni mwa shamba. Akina mama walewale walikuja wakapika, wakachota maji, wakalala kwangu siku tatu. Sina kinyongo nao hata kidogo. Ingekuwa rahisi kama ningekuwa nacho.

Watu walipokwisha kuondoka, siku moja mume wangu alikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikiwa nachambua mchicha.

"Ile sauti yenu," alisema.

"Sauti gani?"

"Ile mliyokuwa mnatoa na mtoto. Nilikuwa nakaa nyuma ya ukuta. Nilikuwa nasikiliza." Akafikicha viganja vyake. "Itoe kidogo nisikie."

Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Nikafungua mdomo. Nikaiona shuka, nikauona mkono wangu ukiivuta.

"Nimeisahau," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akainuka, akaenda.

Bibi nilimweleza yote. Nilitegemea awe na neno la kunipa, kwa vile mambo haya yalikuwa ya kwao tangu mababu. Alikunja kitambaa kilichokuwa kwenye kaunta, akakikunjua, akakikunja tena.

"Hata ungeitoa, fundi, angekufa vilevile," alisema mwishowe.

"Najua. Lakini angekufa tukiwa wawili."

Bibi akalia. Akanikalisha kando ya kigoda chake tujaribu pamoja. Nilifika kwenye U, nikaiacha hapo, nikarudi kwenye cherehani yangu. Mwaka uliofuata watoto wake walikuja kumchukua. Duka sasa ni la vipuri vya pikipiki, nami nimehamia baraza nyingine.

Mume wangu nilimwambia wakati wa mbaazi, tukiwa tunapura kwenye turubai. Nilimwambia kwamba sikusahau, nikamwambia na kwa nini. Akasimama na fimbo yake juu. Kisha akaendelea kupiga, na kupiga, mpaka maganda yakawa unga. Jua likizama ndipo akasema, "Na mimi ningemwambia hivyohivyo. Ngoja wageni waondoke." Hakusema ili kunifariji. Alisema kama mtu anayekubali kosa lake mwenyewe, na nikaona kwamba sikuwa nimepunguza mzigo. Nilikuwa nimemwongezea na yeye.

Mwisho nilimfuata mzee wa kanisa. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka awe mkali, aseme kwamba nilifanya vyema kuikataa ibada ya kigeni, ili nipate wa kumchukia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Mama," alisema, "mbona hakuna aliyekukataza?"

Nilirudi Nangara kwa miguu. Ilikuwa kweli. Nilirudi nyuma katika kumbukumbu zangu, mtu kwa mtu, nikimtafuta aliyenikataza, na sikumpata.

Siku hizi, mume wangu akishaenda shamba, nakaa kitandani najaribu. Siku nyingine naifikisha mwisho. Hainipi amani, inanipa pumzi ya kutosha kuvaa viatu na kwenda mjini. Dirisha huliacha wazi. Majirani wanapita, wananisikia, wananisalimia, na kuendelea na safari zao.