Mita Arobaini za Waya

Saa moja na nusu asubuhi, Kandida anapiga magoti mbele ya mashine ya kufungia mifuko katika kiwanda kimoja cha unga eneo la Themi, Arusha. Anaingiza gunzi la mahindi katikati ya taya za moto, mahali ambapo mkono wa mtu ungepita.

Taya zinajifunga. Gunzi linapasuka.

"Jana lilitoka zima, leo limebanwa," anasema. "Ndivyo alivyoumia mwenzangu Lesikar."

Kandida, fundi wa umeme na mkazi wa Kijenge, ana hasira na haoni sababu ya kuificha. Mashine hiyo ina jicho la usalama. Likiona mkono, hutuma ishara kupitia waya wa mtandao ili taya zisimame. Kwa miaka sita ishara ilifika ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kila mara.

Mwezi Machi uongozi ukaamua kuwakomesha wezi wa unga. Zikafungwa kamera ishirini na nne, zote kwenye waya uleule. Tangu hapo ishara inapanga foleni nyuma ya picha.

"Nilimwambia meneja, picha ikichelewa hakuna anayeumia. Ishara ikichelewa, mtu anakatwa. Akanijibu, 'Dada, kwani mtandao si unafanya kazi?' Unafanya, ndiyo. Ila leo unawahi, kesho unachelewa."

Wiki tatu baadaye Lesikar, baba wa watoto wanne, alikuwa akichomoa mfuko uliokwama. Ishara ilichelewa nusu sekunde. Akapoteza vidole viwili.

Kinachokera zaidi ni kwamba kamera hizohizo zilirekodi tukio, na sasa picha yake ndiyo inayotumika kumwita mzembe.

Saa mbili zamu inaanza, na mashine inatumika hivyohivyo. Esther, kibarua mpya, anakaa mahali pa Lesikar. Ofisini iko fomu inayosema mashine ni salama, inasubiri saini ya Kandida. Asiposaini, ameambiwa, kazi hana.

"Mashine inahitaji waya wake yenyewe, mita arobaini tu. Kamera zote zile wameweza, waya umewashinda?"

Mkaguzi wa usalama kazini anatarajiwa Alhamisi. Kandida ameshachapa rekodi za kila ishara iliyochelewa.

"Nitamkabidhi mkononi, na fomu yao nitairudisha tupu," anasema. "Wakinifukuza nitatafuta kazi kwingine. Mimi bado nina vidole kumi."