Siku Baba Alipojibu Kihehe

Safari ya Iringa niliipanga kwa ajili ya wanangu. Binti yangu alikuwa kidato cha tatu, mdogo wake wa kiume darasa la tano, na wote wawili walijua Mbeya tu, tena mtaa wetu. Nikasema likizo hii hawakai ndani na simu. Tungeona nguzo za mawe za Isimila, tungekwenda Kalenga kuona fuvu la chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, tungerudi.

Baba yangu nilimwalika kwa heshima tu. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini na hakupenda kutoka. Alikataa mara mbili. Usiku wa kuamkia safari akanipigia, akasema atakuja, nimkatie tiketi. Ndani ya basi alikaa dirishani, na tangu tulipopita Makambako hakusema neno. Nikadhani ni uchovu.

Siku ya pili tulikwenda Kalenga kwa bajaji. Baba alikataa kuingia ndani ya jumba la makumbusho, akakaa kwenye benchi nje. Huko ndani mwanangu wa kiume alisimama mbele ya lile fuvu, akamuuliza mhudumu kwa nini walichukua kichwa cha mtu wakakipeleka Ulaya. Mhudumu alikuwa bado anamweleza taratibu, binti yangu akarudi kutoka nje, alikokuwa amekwenda kupiga picha. Alinishika mkono.

“Mama, babu anaongea Kihehe.”

Nikamwambia atakuwa anasalimia. Neno “kamwene” kila mtu analijua. Akatikisa kichwa, akanivuta.

Nje palikuwa na bibi mmoja anayesuka vikapu. Alikuwa ameacha kusuka. Baba alikuwa ameinama kuelekea kwake, anaongea haraka, mikono ikienda huku na huku, anacheka katikati ya maneno. Sikuwahi kumwona baba yangu akiongea hivyo kwa lugha yoyote. Sisi ni Wasafwa. Nilizaliwa Msafwa, nikalelewa Msafwa, na babu mzaa baba nilimzika mwenyewe kule Mbeya nikiwa msichana. Nikawasogelea.

Aliponiona alinyamaza. Nilimuuliza Kihehe alijifunzia wapi. Akasema:

“Sikujifunza. Nimezaliwa hapo Ipogolo.”

Alitusimulia palepale, watoto wakisikia, nami sikuwa na nguvu ya kuwaondoa. Alipokuwa na miaka kama kumi na miwili alitumwa kuchota maji mtoni, Ruaha Mdogo, na akapewa mdogo wake wa miaka minne amwangalie. Akavua shati, akaingia kuogelea peke yake. Alipogeuka mtoto hayupo. Akaona kichwa kikipita katikati ya maji, kikazama. Hakupiga kelele. Alipanda juu hadi barabarani, akadandia lori la magunia, na lori likamshusha Mbeya. Mzee mmoja Msafwa alimkuta amelala sokoni, akamchukua, akampa jina lake. Huyo ndiye niliyemzika nikimwita babu.

“Mama alijua?” nikajikuta nauliza, kama vile nazungumza na mtu mwingine. Akasema hakumwambia mtu yeyote. Angeanzaje kusema kwamba aliua mdogo wake?

Usiku ule sikulala. Nilimpigia kaka yangu, nikamweleza. Akauliza kama baba ni mzima kichwani. Nikamwambia ni mzima kuliko sisi.

Asubuhi baba alisema anataka kuona Ipogolo, halafu turudi Mbeya. Mahali penyewe alipatambua kwa taabu. Nyumba zilikuwa zimejaa hadi karibu na mto. Tuliulizia kwa wazee wa pale tukitaja jina la baba yake, na mama mmoja muuza mkaa akatupeleka kwenye nyumba ya matofali. Mlangoni alikaa bibi mwembamba, amejifunga shuka mabegani, anapepeta maharage.

Baba alimsalimia, akataja jina lake la utotoni, lile ambalo nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Yule bibi hakuinuka. Alimuuliza kitu kwa Kihehe, baba akajibu. Akamuuliza kingine, baba akajibu tena. Ungo ukamteleza, maharage yakamwagika hadi miguuni kwetu.

Alikuwa dada yake. Baba alipiga magoti, akaanza kuomba msamaha kwa ajili ya mtoto yule. Dada yake alimkatiza, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie:

“Hakufa yule. Aliyekufa ni wewe.”

Mtoto alinaswa na wanawake waliokuwa wakifua kule chini. Alitapika maji, jioni akala ugali. Shati la baba ndilo lililookotwa ukingoni, na watu wakaamini kwamba alijitosa kumwokoa mdogo wake akachukuliwa na mto. Walimtafuta kwa siku nyingi, wakamlilia, wakakaa matanga. Mama yao aliendelea kwenda mtoni mpaka miguu ilipomkatalia. Mdogo mtu alikua, akawa fundi seremala, akampa mwanawe wa kwanza jina la kaka yake, akiamini kwamba alikufa kwa ajili yake. Alifariki miaka mitatu kabla ya sisi kufika.

Mwanangu ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, “Kwa hiyo babu alikimbia bure?”

Niliinua mkono kumnyamazisha. Baba, bado yuko chini, akasema, “Mwache. Ndivyo ilivyo.”

Shangazi yangu, maana ndivyo nilivyopaswa kumwita tangu dakika ile, hakumkumbatia kaka yake. Alikuwa na hasira, na niliona ni haki yake. Lakini aliingia jikoni, akasonga ugali, akamtuma mjukuu amwite yule mtoto wa marehemu fundi, mwenye jina la baba yangu. Mwanamume wa makamo akaja, akatoa shikamoo kwa mtu ambaye yeye alifundishwa kuwa ni marehemu. Binti yangu alilia waziwazi. Mimi machozi hayakuja. Nilikuwa nikitazama vidole vya yule binamu, vilivyopinda kama vya kaka yangu.

Baba hakurudi nasi. Alisema watoto wana shule, tutangulie. Ana miezi minne sasa yuko Ipogolo, kwenye chumba cha uani. Shangazi humpa chakula na bado hamsemeshi sana. Juzi baba alinipigia kunijulisha kwamba wamekwenda pamoja kwenye kaburi la mama yao, kupalilia. Nikamuuliza walizungumza nini.

“Hatukuzungumza,” akasema. “Alinipa jembe.”