Mnyororo wa Jiwe Moja

Watu wakiniuliza nilianzaje kuchonga, huwa nawaambia nilianzia kwenye vita vya baharini, nao hucheka. Wacheke tu. Mimi ni mzaliwa wa Tabaka, huku Kisii, mbali kabisa na maji ya chumvi, na kuogelea sijui mpaka leo. Lakini kisu nilipewa kwa sababu ya meli za zamani na vitu zilivyokuwa zikirushiana.

Kwetu jiwe la sabuni, lile laini linalochongwa sanamu za viboko na sahani za wageni, lina kazi mbili, na kila kazi ina wenyewe. Wanaume wanachonga. Wanawake wanaosha na kusugua kwa msasa ndani ya karai la maji: msasa mkali kwanza, kisha wa kati, kisha ule mwororo, halafu nta. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini jaribu kushika patasi mbele ya wazee uone. Mimi niliolewa Manga, upande wa Nyamira, nikarudi kwetu na binti mmoja na sufuria mbili, mengine hayawahusu. Nikaketi kando ya mama kwenye karai. Nilikaa pale miaka kumi na minne.

Baba yangu, Tata kama tunavyomwita kwa lugha yetu, alikuwa fundi aliyejulikana, na yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kuambiwa. Kiburi chake kilikuwa kikubwa, na nimekirithi chote bila kupungua hata punje. Kwa hiyo siku alipokuja mgeni wa makumbusho kutoka pwani, mwanamume mpole mwenye miwani na simu iliyojaa picha, Tata hakusimama. Alimwonyesha kiti kwa kidevu.

Mgeni alitaka tumchongee risasi za mizinga ya meli, zile za zamani, kwa ukubwa wake halisi. Alisema zile za chuma alizo nazo zimeliwa na kutu na watoto wa shule hawaruhusiwi kuzigusa. Alitaka kitu ambacho mtoto atakishika kwa mikono miwili, aelewe jinsi watu walivyofikiri, hatua moja baada ya nyingine. Mama aliacha kusugua.

"Hivi ni vitu vya kuua watu?" akauliza.

"Vilikuwa, mama," mgeni akajibu. "Siku hizi ni vya kufundishia."

"Haya. Nitasugua. Lakini sitaimba," akasema mama, ambaye hakuwahi kusugua hata kijiko bila wimbo wa kanisani. Na kweli, karibu wiki zote tatu za kazi ile hakuimba.

Mgeni alitufungulia picha moja moja. Ya kwanza ilikuwa tufe la jiwe. Akasema hapo mwanzo, kabla chuma hakijawa cha kutosha, mizinga ya meli ilirusha mawe, na mawe hayo yalichongwa na mafundi, moja moja, kwa mkono. Tata hapo ndipo alipoketi wima. Mgeni akaendelea kueleza kwamba tufe lilipaswa kuwa dogo kidogo kuliko mtutu wa mzinga. Likiwa kubwa linakwama na mzinga unapasuka, watu wake wanakufa. Likiwa dogo mno, nguvu ya baruti inapita pembeni na tufe linaanguka majini bure. Ndiyo maana walikuwa na pete ya kupimia, na kila tufe lilipitishwa humo.

"Kwa hiyo aliyeanzisha mambo haya yote ni mchonga mawe," Tata akasema.

"Naam, mzee. Ni mchonga mawe."

Sijui kama nimewahi kumwona baba yangu amefurahi namna ile. Jioni yake soko zima lilikuwa limeshajua kwamba Wazungu na meli zao walikuwa wakimngoja fundi wa mawe ndipo wapigane.

Basi orodha ilikuwa hii: tufe la jiwe, tufe la chuma, dogo zaidi lakini zito kuliko jiwe la ukubwa wake, matufe mawili yaliyounganishwa kwa mnyororo, ambayo yalitoka mzingani yakizunguka na kukata kamba, matanga na milingoti ya adui, tufe lenye uwazi ndani na tundu la utambi, la kujazwa baruti, na mwisho risasi ndefu yenye ncha, iliyovikwa mshipi wa shaba ili ishike mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu na kuruka ikijizungusha. Ile yenye ncha ilikuja, mgeni alisema, meli zilipoanza kuvaa chuma na matufe yakawa yanadunda tu.

Kwenye mnyororo mgeni akasema, kwa heshima, kwamba tunaweza kuchonga pete moja moja na kuziunganisha kwa gundi. Hakukusudia ubaya. Lakini Tata alimtazama kana kwamba amemtukania mama yake.

"Hapa hatuungi," akasema. "Mnyororo wako na matufe yake mawili yatatoka kwenye jiwe moja. Ukiona kiungo cha gundi, usinilipe chochote, na uwaambie watu wote Tabaka hakuna fundi."

Maneno hayo aliyasema mbele ya majirani. Ndivyo baba yangu alivyokuwa: akishaweka jina lake mezani, haliondoi.

Tufe la kwanza lilituletea aibu ndogo. Tata alilichonga, mama na mimi tukalisugua mpaka likang'aa kama yai, tukalipaka nta mara mbili. Tulimtumia mgeni picha kwa simu. Akajibu kwa upole mwingi kwamba ni zuri mno: tufe la fundi wa zamani lilikuwa na alama za patasi, hakuna aliyelisugua. Mama alinuna siku nzima. Miaka arobaini anafundishwa kuondoa alama, leo anaambiwa azirudishe! Tata alichukua patasi akaliharibu tena kwa uangalifu, na mama akageuka asione.

Mengine yalikwenda vizuri. Kwa mnyororo Tata alinunua jiwe la waridi kutoka timboni, kule machimboni, refu kama mkono wa mtu mzima, zuri la kutazamwa. Akaniletea niondoe udongo. Nikalimwagia maji, nikalisugua, nikaliweka juani. Na lilipokuwa likikauka, nikaona.

Hapa nieleze. Jiwe lenye mshipa wa udhaifu ndani, likiwa kavu, huwezi kulijua. Likilowa lote pia hulijui. Ni katikati, linapokauka, ndipo mshipa unabaki mweusi peke yake, mwembamba kama unywele, kwa muda wa kufungua na kufunga mlango, halafu unapotea. Mchongaji haoni kitu hicho maana hashiki maji. Sisi wa karai tunakiona kila siku, kisha tunaletewa vipande vya kilichovunjika na kuulizwa kama tulikisugua kwa nguvu.

Niliuona mshipa ukikatiza pale pale ambapo mnyororo ungekaa. Nikanyamaza. Nitasema nini? Mimi ni binti aliyerudi nyumbani, yeye ni fundi wa miaka hamsini, na jiwe ameshalilipia. Nilijiambia labda nimeona vibaya. Uongo, nilikuwa nimeona vizuri sana. Niliogopa tu.

Tata alichonga kwa siku nane. Alitoa matufe kwenye ncha mbili, katikati akaacha mti wa jiwe wa pembe nne, akaanza kuuchimba pete kwa pete, kila moja ikiwa imelala ndani ya mwenzake. Jumanne ya wiki ya mwisho, akiwa anaifungua pete ya tano, mnyororo ulikatika. Haukupiga kelele. Tufe moja lilibingirika likaenda kugonga karai letu.

Tata aliketi. Aliangalia mikono yake, kwanza juu kisha viganja, kama mtu aliyekopeshwa mikono hiyo asubuhi ile. Mgeni alikuwa anakuja Jumapili mchana. Katikati kulikuwa na Sabato, na kwetu sisi Wasabato, Ijumaa jua likizama hakuna anayegusa chombo hata nyumba ikiungua. Nikamwona baba yangu amezeeka mbele ya macho yangu, nikaumia, kwa sababu nilijua si mikono yake.

"Tata," nikasema, "si mkono wako. Jiwe lilikuwa na mshipa."

"Umejuaje?"

"Niliuona nilipoliosha."

Mama alisimamisha msasa.

"Uliuona siku ile. Na ukaniacha nichonge siku nane."

"Nilikuogopa."

Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alisema polepole, "Basi wewe mwenye macho, niambie ni jiwe gani humu halina mshipa."

Nilijua. Hata sikuhitaji kufikiri. Kando ya karai palikuwa na jiwe refu la kijivu, gumu kuliko yale ya waridi, ambalo mama alikuwa akilikalia tangu sijazaliwa. Kila siku lilimwagikiwa maji, kila jioni lilikauka mbele yangu. Miaka kumi na minne nilikuwa nimelitazama likikauka, na halijawahi kuacha mstari hata mmoja.

"Hilo alilokalia mama," nikasema.

Mama akainuka bila kuambiwa, akajipangusa leso nyuma. Tata alilipiga jiwe kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akalipiga upande wa pili. Mgeni alikuwa ametuambia kwamba matufe ya chuma nayo yaligongwa hivyo hivyo kwa nyundo, ili kuyatoa yale yenye hewa ndani. Jiwe la mama likalia vizuri pande zote. Ndipo Tata akachukua kisu chake, kile chenye mpini uliofungwa kitambaa, akaninyooshea.

"Kama macho yako yanaona kuliko mkono wangu, chonga."

Alisema kwa hasira. Alitaka nikatae. Wallahi hata mimi nilidhani nitakataa, lakini mkono ulishatoka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshachonga. Kila alipokwenda timboni, nilikuwa nikiokota mabaki na kutengeneza viboko vidogo, vibaya vibaya, na pete mbili mbili zilizoshikana, mama akijifanya haoni. Vingi nilivitupa chooni.

Tata alikata umbo kubwa kwa msumeno na panga, maana muda ulikuwa mfupi na nguvu zake bado zilikuwepo. Mti wa katikati uliachwa kwangu. Nilichonga Jumatano kutwa, Alhamisi kutwa. Nilikuwa nimeunga kwa gundi minyororo mingi iliyovunjika ya wachongaji wengine, kwa hiyo nilijua inakatikia wapi: siku zote ni pete ya kwanza kutoka kwenye tufe, maana ndiyo inayobeba uzito wote. Zile mbili zinazoshika matufe nikaziacha nene. Katikati nikapunguza. Tata aliketi nyuma yangu, na kila nilipokosea pumzi yake ilibadilika, kwa hiyo nilijua. Ijumaa, jua likiwa bado kidole kimoja juu ya kilima, pete ya saba ilifunguka. Niliitikisa. Ikacheza.

"Weka chini kisu, Sabato imefika," ndilo neno alilosema Tata.

Kanisani kesho yake sikusikia hata fungu moja. Jumapili alfajiri mama na mimi tulisugua, na mama, ambaye alikuwa ameapa, alianza kuimba kwa sauti ya chini. Sikumkumbusha.

Mgeni alikuja. Tulipanga vyote mezani juu ya kitambaa cheusi, kwa mpangilio wake, kutoka tufe lenye alama za patasi hadi ile yenye ncha. Alipofika kwenye mnyororo aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. Akatafuta gundi. Majirani wote waliosikia kiapo cha Tata walikuwa mlangoni, nao wakitafuta kwa macho.

Tata hakusubiri. Alishika tufe moja, akaliinua juu, lile la pili likaondoka mezani na kuning'inia hewani kwa uzito wake wote, likizunguka polepole.

"Mzee, taratibu, tafadhali," mgeni akasema. "Litalala tu kwenye kabati."

"Lilitengenezwa liruke," Tata akajibu. "Litashindwa kuning'inia?"

Nilikuwa natazama pete moja tu, ile ya kwanza, na nilikuwa naomba. Mnyororo ulishika. Tata aliliacha tufe lizunguke mpaka likatulia lenyewe, ndipo akalilaza kama anavyolazwa mtoto.

Mgeni akapiga picha nyingi. Kisha akaweka kidole kwenye zile pete za karibu na matufe. "Mzee, naona hizi za pembeni ni nene kuliko za katikati. Hata za chuma sikumbuki kuona hivyo. Kwa nini?"

Tata alikuwa na jibu. Alikuwa ameniona nikichonga siku zote tatu, na hakuna jambo la mawe alilowahi kukosa la kusema. Alijifuta vumbi mikononi.

"Hiyo muulize fundi," akasema.

Nami nikageuka mlangoni, kutazama ni fundi gani aliyeingia.